Kivuko cha Bi Kijakazi

Bi Kijakazi wa Mabawa alifiwa na mumewe, Rahimu, aliyegongwa na lori akienda kazini kwa baiskeli. Kwa miaka minne alipeleka barua ofisi ya barabara kuomba matuta na njia ya baiskeli. Alipochoka kungoja, alinunua chokaa, akachora kivuko barabarani mwenyewe. Madereva walipunguza mwendo siku tatu, kisha mvua ikakifuta.

Mwaka huu barabara ikapanuliwa. Alikwenda ofisini kuuliza.

"Shikamoo, mama," karani alisema, akamfunulia mchoro. "Njia ya baiskeli imeondolewa. Nafasi imechukuliwa na magari."

"Marahaba. Sisi wengine tupite wapi, mwanangu?"

Karani aliukunja mchoro.

Bi Kijakazi hajaandika barua nyingine. Hata kwa dadake, anayeishi ng'ambo ya barabara, haendi tena.