Adungu Iliyobaki Arua

Chumba kilikuwa nyuma ya kituo cha vijana, Koboko. Bati jipya, mlango wenye kufuli. Mwalimu wa muziki atakayepatikana angelala humo. Mimi sikutaka sifa ya ualimu, nilitaka kufuli. Nilichoka kulea mtoto kwa mama mkwe aliyeniambia kila asubuhi kwamba mwanawe, yule aliyekwenda Juba akapotelea huko, hakunioa, aliniokota.

Mtihani ulikuwa kuonyesha kitu ulichotengeneza. Nilikuwa nacho. Kwenye kozi ya bure Arua nilirekodi adungu, kile kinubi kikubwa cha kanisa letu, uzi mmoja mmoja, nikaunda, ndani ya programu ya bure ya muziki, faili ya kuipiga kwa kompyuta. Ni visanduku kwenye skrini, vimeunganishwa kwa mistari. Unabonyeza herufi, uzi unalia, mpaka tumbo linatetemeka.

Nikabeba faili kwenye flashi, kama tunavyobeba nyimbo zote huku. Unaenda kwa kijana wa kioski, anakujazia, unaondoka, wimbo unaimba popote. Nani aliniambia hii ni tofauti? Hakuna.

Mtoto mgongoni, nikafungua faili kwenye laptopu ya mkurugenzi wa kituo, iliyokuwa na programu ileile. Visanduku vikatokea na kingo za vitone, na pembeni maandishi mekundu: imeshindwa kuunda, imeshindwa kuunda. Nikabonyeza. Kimya.

"Mama, sauti iko wapi?" mkurugenzi akauliza.

"Iko ndani."

"Ndani ya nini? Ya tumbo?"

Karani wake akacheka mpaka akashika meza. "Pengine laptopu iko na mimba!"

Nikampigia mwalimu wangu wa Arua.

"Dada, ulibeba nini?"

"Faili."

"Peke yake? Na maktaba?"

Maktaba ni vipande vya programu vilivyotengenezwa na watu wengine, ambavyo kazi yako inaviita vije kusaidia. Faili yangu ilikuwa inaita watu waliobaki Arua.

Akanitumia folda nzima kwa simu. Nikaiweka, nikaionyesha programu njia ya kuifikia, nikafunga, nikafungua upya. Wekundu uleule. Mwalimu akauliza laptopu inatumia mfumo endeshi gani. Nikamwambia.

"Basi pole. Hizi zetu ziliundwa kwa mfumo wa huku. Huko ziko kama maiti tu."

Tukatafuta mtandaoni maktaba ya mfumo wa pale. Haipo. Aliyeitengeneza hakuwahi kuiunda, lakini kwenye ukurasa wake ameandika kwamba inafanya kazi kwenye mashine zote. Muongo. Sijui anaishi wapi, nilimtukana kwa Kilugbara mpaka mtoto akaamka.

"Si ulete hiyo kompyuta ya Arua?" mkurugenzi akasema. Ile ni ya kozi, imefungwa mezani kwa mnyororo.

Nikaomba nafasi. Nikafuta visanduku vilivyokataa, kimoja kimoja, nikajaribu kuziba kwa vile vya kawaida vinavyokuja na programu yenyewe. Mtoto ananyonya, mimi nafanya kazi kwa mkono mmoja. Mwishowe uzi mmoja ukalia. Mwembamba, kama mtu anagonga sahani ya bati. Nikawaita. Mkurugenzi akasikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Ni hiyo tu?"

"Zingine zinakuja. Nipe mpaka kesho."

"Tutakupigia, mama."

Nyuma yake mwanamume mmoja mwenye kinanda cha dukani alikuwa anajaribu spika za kituo. Alikiwasha, kikalia. Hakikuhitaji kuita mtu yeyote. Godoro lake lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa kile chumba.

Nilimkuta mama mkwe anamenya mihogo uani. Aliangalia mfuko wangu wa nguo, ule niliouficha asubuhi chini ya leso nisionekane nahama. Alisukuma kisu cha pili upande wangu kwa mguu.

"Mtoto mlaze kwa mkeka," akasema. "Na hiyo mihogo iko mingi."

Nikamlaza. Nikamenya.