Wateja Waliotaka Kuona Maua

Mtu akiniuliza kwa nini Windows ilishinda Songea, huwa nakasirika kabla sijajibu. Wasomi watakuambia ni wepesi wa kuijifunza, watakutajia na programu chungu nzima. Uongo mtupu. Pale mtaani kwetu Majengo aliyechagua hakuwa hata yule anayegusa kibodi. Aliyechagua ni mteja aliyekaa pembeni yake.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa shirika la umma. Shirika lilipouzwa tukapunguzwa kazi, na vifaa vya ofisi vikauzwa kwa bei ya kutupa. Nikachukua kompyuta moja ya DOS na printa yake ya utepe, nikapanga chumba jirani na soko. Kompyuta ile haikuwa na picha wala kipanya. Kioo cheusi, maandishi meupe, na amri unaziandika mwenyewe. Ukishazizoea, mikono inakwenda yenyewe. Umeme ulikuwa haukai, lakini ukirudi tu mashine inawaka papo hapo, naendelea na kazi. Niliipenda kuliko nilivyowapenda wateja, na sioni aibu kusema hivyo.

Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha mdogo wangu, maana wazazi wetu walikwishafariki. Alipochumbiwa na mwalimu wa Matogoro, nilitaka kitu kimoja tu: kadi za harusi yake zitoke mkononi mwangu. Sikumwambia mtu. Nilijua hakuna mwingine wa kuzitengeneza.

Kumbe mwaka huohuo alikuwa amekuja bwana mmoja kutoka Arusha, akafungua duka ng'ambo ya barabara. Yeye alileta Windows, yenye picha na kipanya. Mashine yake ilichukua muda kuwaka, na mwenyewe alichapa kwa vidole viwili, anatafuta kila herufi kama kuku anayedonoa. Nilimdharau waziwazi. Salamu zake niliziitikia nusunusu.

Lakini mji wetu una desturi yake. Mteja haachi kazi akaenda zake. Anavuta kiti, anakaa begani kwako kama anavyokaa kwa fundi cherehani, ahakikishe kitambaa chake hakipunguzwi. Kwangu alikuwa anaangalia giza. Siku moja akaja mzee mkulima wa tumbaku kutoka Lusewa, anataka barua ya chama chao iwe na kichwa cha herufi kubwa za mapambo. Nikaandika.

"Mama, hayo mapambo yako wapi?"

"Yatatoka kwenye karatasi, baba."

"Sasa hapo mimi naangalia nini?"

Nikamwambia hapa ni kazini, si kwenye banda la video. Akanyanyuka taratibu, akavuka barabara. Kupitia mlangoni nilimwona ameinama mbele ya kioo cha jirani, ananyoosha kidole, na yule bwana anavuta herufi huku na kule mpaka mzee akaridhika. Walikuwa wanacheka. Niliomba umeme ukatike, na kwa ubishi wake siku hiyo haukukatika.

Kuanzia hapo nikaviondoa viti vya wateja. Anayetaka kusubiri asubiri nje. Wakahama wanakwaya, wakahama wa msikitini, wakahama walimu. Hata maofisa wa mkoa walipotaka kununulia ofisi zao kompyuta waliulizia ile yenye picha, hawakuulizia nyingine. Niliwaita washamba, na wao wakanizoea.

Kamati ya harusi ilifanya vikao sebuleni kwangu, ikinywa chai yangu. Kila nikigusia kadi, mwenyekiti anasema ajenda hiyo bado. Mimi nikaendelea kuandaa. Maneno nilikuwa nimeshayachapa, na kuyazungushia fremu ya nyota.

Asubuhi moja mdogo wangu akaingia ofisini na bahasha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akaiweka juu ya kibodi. Ndani kulikuwa na kadi ya mchango. Pembeni ina waridi, chini ina pete mbili, na kwenye mstari wa vidoti limeandikwa jina langu na la mume wangu, kama tunavyoandikiwa na watu baki.

"Umeenda kwa huyo?"

"Dada, tulikaa pale na mwenzangu tukaiona inavyokuwa. Nilitaka ua lisogee juu kidogo, likasogezwa."

"Mimi ningekuchapia bure."

"Najua. Lakini usingeniruhusu nikae."

Alisema kwa upole, amesimama, maana humo ndani hakukuwa na pa kukaa ila kiti changu. Hasira zote zilikuwa za kwangu mwenyewe, hazikuwa na mtu wa kumwangukia. Nikamwambia mchango ataupata nyumbani, sasa aniache nina kazi nyingi. Akatazama printa iliyofunikwa kitambaa, akatazama meza tupu, akaniaga kwa heshima.

Sikuwa na kazi hata moja.