Mbuzi Bado Anageuka

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa nyeupe kuliko zote kitongojini kwetu, na weupe huohuo ndio uliokuwa ukiimaliza.

Tuliishi bondeni, upande wa Mang'ola, nyumba chache juu ya ukingo mrefu wa udongo mweupe uliosimama wima kama ukuta, na chini yake Ziwa Eyasi. Mwaka wa mvua nyingi maji yaligonga mguu wa ukingo. Mwaka wa ukame ziwa lilirudi nyuma likatuachia magadi na vumbi la kuwasha macho. Kila masika kipande kilimeguka. Ulisikia kishindo, mbwa wakabweka kidogo, kisha watu wakaendelea kupalilia vitunguu. Wageni waliokuja na malori walishika vichwa. Sisi tulishazoea, na mazoea yana taabu.

Udongo ule tuliuita chokaa. Kila ilipokaribia Krismasi wanawake waliteremka kwa njia ya mbuzi, wakachimba chini ya ukingo palipo laini, wakaloweka na kupaka kuta. Bibi, ambaye sote tulimwita Ama kama Wairaqw wamwitavyo bibi, alichimba kuwashinda wote. Alipoletwa bibi harusi kutoka milimani Mbulu alikuta babu amejenga nyumba ya udongo mtupu, akaapa kwamba hatazaa watoto ndani ya kichuguu. Tangu siku hiyo alipaka nje, ndani, jiko, hata banda la kuku. Babu alifariki, yeye akaendelea kupaka. Na chokaa yake aliichimba palepale chini ya jiko lake, maana ndiyo iliyokuwa nyeupe zaidi.

"Mama," baba alimwambia, "mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Kisima kina maji," Ama akajibu. "Hapa pana chokaa."

Baba alikuwa amepata kiwanja Rhotia, karibu na kanisa, akajenga huko. Alitaka tuhame sote kabla nyumba ya Ama haijaanguka naye akiwa ndani. Ama alikataa katakata. Alikuwa na kipimo chake, mbuzi jike mnene mwenye pembe moja. Kati ya ukuta wa jiko na ukingo kulikuwa na kijia. Mbuzi aliingia pale kula majani, akimaliza anageuka kurudi. "Mbuzi bado anageuka," Ama alisema, na mjadala ukafungwa.

Maneno hayo yakawa msemo wa nyumba nzima. Suruali ya baba ikitoboka gotini, mbuzi bado anageuka. Unga ukibaki kiganja kimoja, mbuzi bado anageuka. Mimi utani ule uliniudhi. Nilimpenda Ama kupita kiasi, na mvua ikipiga bati nilikimbilia kwake kuhakikisha bado yupo. Yeye alidhani nafuata viazi vyake vya kuchoma.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, tulikuwa uani tunakunywa uji. Mbuzi akaingia kijiani, akala, akajaribu kugeuka. Mguu wa nyuma ukateleza, tukasikia mawe yakiporomoka. Akasimama akiwaza. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, matako mbele, polepole, mpaka akatutokea uani. Mama alicheka mpaka uji ukamwagika. Nami nilicheka. Ama hakucheka. Aliweka bakuli chini.

"Haya," akasema. "Mwambieni baba yenu alete lori."

Baba hakungoja abadili mawazo. Dereva mmoja wa vitunguu alikubali kutupakia Jumamosi. Ijumaa tulirudi kutoka shambani tukamkuta Ama na karai la chokaa na kitambaa, anapaka ukuta wa mbele. Mama, aliyekuwa ameshafunga vyombo vyote, akapandisha hasira.

"Mama! Lori linakuja kesho, nawe unapaka nyumba inayoanguka?"

Ama hakugeuka. "Mwanangu, kwani maiti huoshwa kwa sababu anabaki?"

 Mama akachukua kitambaa kingine, akachovya. Tulipaka wote mpaka jioni, baba naye alipofika akavua shati. Ukuta wa jiko upande wa ziwa ndio uliobaki, kwa sababu hapakuwa tena na mahali pa kuweka mguu. Ama aliutazama akalia, akasema amemwosha mtu akamwacha mgongo.

Masika yaliyofuata jiko lilikwenda, kisha nyumba. Dereva yule ndiye aliyetuletea habari. Ama aliuliza kama ilianguka ikiwa bado nyeupe. Dereva akasema ndiyo, naye akashukuru, akaendelea kuchambua maharage.

Udongo wa Rhotia ni mwekundu, na Ama aliishi katika nyumba nyekundu miaka yake yote iliyobaki, yeye aliyekuwa na vita na kichuguu. Krismasi ya kwanza baba alimnunulia chokaa ya dukani. Ama akamrudishia mfuko.

"Nyumba hii haiendi popote," akasema.

Mfuko ule ulikaa stoo, nyuma ya majembe. Alfajiri ya siku tuliyomzika Ama, niliamka nikamkuta mama yangu peke yake uani, karai miguuni, anapaka. Alianza na ukuta wa nyuma.