Ndoo ya Makombo kutoka Kawangware

Nililia kwa ajili ya nguruwe. Nimelikana jambo hili miaka mingi. Nyumbani nilisema ni moshi wa jiko, ingawa siku ile jiko halikuwa limewashwa, na mume wangu alipodokezewa na jamaa zangu, nilimwambia watu wa kwetu hutia chumvi. Lakini nililia, tena kwa kwikwi, nikiwa nimechuchumaa bandani kule mtaa wa Lindi, Kibera, na noti zangu za fasihi mkononi.

Noti zilikuwa za kumpepea huyo nguruwe. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, kama kilivyozoea miaka ile ya tisini, nami nikarudi kwa mama na nusu ya shahada na maoni kamili. Mama alifulia watu nguo katika maghorofa ya Nyayo Highrise. Nyuma ya chumba chetu alifuga nguruwe: jike mmoja mwenye mimba na wanawe wa uzao uliotangulia. Yule jike alitoka Kawangware, kwa rafiki wa mama, ambaye nilimwita anti. Hao wawili waliolewa kijiji kimoja huko Magharibi na wakaja Nairobi pamoja. Baba alipofariki, anti alikuja na gunia linalopiga kelele. "Huyu atakusaidia kulea," alisema. Alisema kweli. Karo yangu ya sekondari ilitoka tumboni mwa nguruwe yule, na ndiyo maana nilipomcheka mbele ya wenzangu wa chuo nilijihisi kama mtoto anayemkana mzazi.

Kisha nguruwe wa anti wakafa, wote, kwa muda mfupi. Kwetu mtu haachwi kufiwa peke yake, hata msiba ukiwa wa bandani. Mama akavaa gambuti zake, viatu vya mpira vilevile anavyoingilia bandani, akaenda Kawangware. Walizika pamoja, wakasafisha banda pamoja, wakanywa chai. Siku chache baadaye anti akaja kutushukuru. Na kwa kuwa kwetu hakuna anayetembelea watu mikono mitupu, alibeba ndoo ya makombo ya hoteli.

"Wangu hawapo wa kula, dada," alisema. "Yasiharibike."

Mama aliwamwagia wetu huku yeye na anti wakicheka.

Haukupita muda, jike akagoma kula. Nguruwe anayekataa chakula ni kama mhubiri anayekataa maikrofoni. Unajua kuna jambo. Mgongo wake ulikuwa moto kama sufuria. Wanawe walirundikana pembeni, mmoja juu ya mwingine, wakitetemeka juani. Masikio yakawa mekundu, halafu zambarau kama bilinganya, na rangi ile ikateremka mpaka tumboni. Wakaharisha damu. Wakaanza kufa. Jike akaharibu mimba.

Mimi nilitoa hotuba kuhusu chumvi ya chakula cha hoteli. Hakuna aliyeniuliza. Mama alikuwa ameshakata shauri.

"Ni ile ndoo," alisema. "Wake wamekwisha, hakutaka wangu wabaki. Ametia kitu."

Anti alipopata habari alikuja mbio. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umekuja kuhesabu maiti?"

"Dada, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo shida."

Anti alivua leso aliyojifunga mabegani, akanipa mimi, akasema, "Ilowesheni maji mumfunike, hilo joto litamuua." Akaondoka. Mama aliitupa leso ile nje. Niliiokota.

Ndivyo nilivyokuwa: leso mbichi mgongoni mwa nguruwe, noti zikipepea. Fundi viatu wa jirani alichungulia.

"Niaje, msomi? Huyo anafanya mtihani lini?"

"Kesho."

"Basi mwambie asome polepole, amechoka." Kisha akaona uso wangu, akavua kofia.

Jike aliweka pua yake kavu kwenye kiganja changu, mahali nilipomzoesha maganda ya ndizi nikiwa msichana. Nilikuwa na ganda. Hakulitaka. Hapo ndipo moshi uliponiingia machoni.

Afisa wa mifugo alikuja asubuhi iliyofuata, jike akiwa ameshakufa. Alimpasua, akachukua kipande cha wengu, kilichokuwa kimevimba na kuwa cheusi, akakitia kwenye chupa ya kupeleka maabara. Alituagiza tuwazike wote kwa kina, nyama isiliwe wala kuuzwa. Mama alimpa namba ya simu ya mwalimu anayemfulia, kwa maana sisi tulikuwa na redio tu. Kisha tukasubiri. Siku hizo zote mama hakutaja jina la anti, na usiku nilimsikia akijigeuza.

Nilikuwa namsaidia kusuuza mashuka mwalimu alipoita, "Mama, simu yako."

Mama alishika mkono wa simu kwa mikono miwili, povu likidondokea zulia. Daktari wa maabara alikuwa na sauti ya kusikika chumba kizima.

"Ni homa ya nguruwe ya Afrika, mama. Haina dawa, haina chanjo. Lakini haimpati binadamu, msiogope."

"Si sumu?"

"Si sumu. Ni virusi."

"Vilifikaje kwangu?"

"Huenda makombo yalikuwa na mabaki ya nyama ya nguruwe. Huenda ni ndoo. Hata viatu, mama. Ukiingia banda lenye ugonjwa, unarudi nao kwako."

Mama alitazama miguu yake, iliyokuwa peku.

"Hata kama mtu alienda kumpa mwenzake pole tu?"

"Hata hivyo, mama. Pole sana."

"Daktari," alisema mama, "kesho saa kama hii nipigie tena, tafadhali. Nitakuja na dada yangu wa Kawangware. Nataka ayasikie haya kwako, maana mimi nikianza kumwambia nitalia."