Kigari Kilichotumwa Kuomba Radhi

Mama alisema mbele ya wageni kwamba biriani ya harusi imekosa chumvi. Aliyeipika ni mdogo wake, mama yangu mdogo, anayekaa mwisho wa uchochoro wetu huu wa Mji Mkongwe. Wakanuniana. Nawapenda wote wawili, na kununa kwao kulinichosha roho.

Wiki iliyofuata mama akakaanga katlesi, akazipanga kwenye sahani yake ya maua.

"Mpelekee mwenzangu."

"Si uende mwenyewe?"

"Mimi sendi. Si una kigari chako? Nacho kifanye kazi."

Kigari changu nimekiunda mwenyewe, kinaendeshwa na simu kuukuu. Vichochoroni kwetu kuta ni ndefu, ramani ya simu hubabaika, kwa hiyo kinajua njia kwa kulinganisha kinachokiona na picha nilizokipa. Simu yenyewe haina nguvu, picha nyingi zinaielemea. Kila mahali nilikipa moja tu. Ukuta wa chokaa haukisaidii, kinataka madoa na kona. Kwa mama mdogo nikapiga picha ya kanga aliyoianika dirishani. Fundi mkubwa mimi! Kanga ile ilikuwa sare ya harusi. Kila mwanamke wa mtaa alikuwa nayo, hata mimi wakati napiga picha nilikuwa nimejifunga.

Alasiri ile mtaa mzima ulikuwa umefua. Nikiwa juu dirishani nikakiona kigari kinasimama kwenye sare ya kwanza na kupiga kengele. Jirani akatoka, akachukua katlesi, na kwa kuwa kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, akaweka ndimu, akakisukuma kiendelee. Wa pili akaweka nusu mkate wa boflo. Wa tatu, ubani. Nilicheka, kisha nikaingiwa na hofu: zile katlesi ndizo radhi za mama, na zilikuwa zinaliwa na watu ambao hajawakosea.

Kilipofika kwa mama mdogo, katlesi hakuna. Haukupita muda tukasikia hodi. Mama akajitengeneza mtandio, akafungua.

"Dada, ndo nini hii? Ndimu, boflo na ubani? Unanitibu au unanizika?"

Mama akanitupia jicho. Mama mdogo akamnyooshea sahani yake ya maua. Na yeye hakuirudisha tupu: katikati alikuwa ameweka pakiti ya chumvi.

Mama alicheka mpaka akashika mlango.

"Ingia," akasema. "Nkaange nyengine. Chumvi utatia wewe."