Samaki Hana Tikiti ya Treni

Nakumbuka asubuhi moja kule Nzilo, mwanangu, nilipoambiwa na mtu mzima neno lililonifanya nicheke kwanza, kisha ninyamaze. Lilinirudia juzi uliponieleza kwamba wewe na wenzako mnakwenda likizo Kalemie, kuogelea katika Ziwa Tanganyika pale penye mawe na maji maangavu, na kwamba roho yako haitulii kwa ajili ya ile kamera ya majini uliyoiona dukani Lubumbashi. Bei yake, ulisema, ilikutoa dukani bila kuaga. Basi keti. Mimi nilipiga picha chini ya maji kabla hujazaliwa, na nilipiga kwa beseni la kufulia.

Usicheke. Au cheka, lakini sikiliza.

Miaka ile Kolwezi ilikuwa imekata pumzi. Kampuni kubwa ya shaba iliyotulisha ilikuwa inaanguka. Mashimo yaliingia maji, mishahara ikachelewa, halafu ikaacha hata kuchelewa. Mji mzima ukawa likizoni bila kuomba likizo. Wazungu wengi walikuwa wameondoka mbio, na vitu vya nyumba zao vilizagaa sokoni, vingine hatukujua hata vinashikwa upande gani. Kisha yakaja mabaya zaidi. Watu ambao wazazi wao walitoka mkoa wa Kasai wakaambiwa hapa Katanga si kwao, warudi walikotoka. Wengi wao hawakuwahi kuiona hiyo Kasai hata siku moja. Walitolewa majumbani, wakahamia stesheni na magodoro na masufuria yao kungoja treni, na treni ilikuja siku iliyojipendea yenyewe.

Rafiki yangu Ntumba, msichana wa rika langu, alikuwa mmoja wao. Tulizaliwa mtaa mmoja, tukakaa dawati moja kwa masista, tukajifunza kuogelea pamoja katika ziwa la bwawa la umeme la Nzilo, kwenye mto Lualaba, zamani zile kampuni ilipokuwa bado inapeleka watoto wa wafanyakazi huko kwa basi siku za sikukuu. Mimi ni Mluba wa kaskazini ya Katanga, yeye ni Mluba wa Kasai. Hata majina ya babu zetu yalikaribiana. Lakini wakati ule watu walipima udugu kwa masikio, kwa namna ulivyotamka neno.

Siku moja Ntumba alikwenda sokoni kuuza sahani za mama yake, maana sahani hazisafiri vizuri. Akarudi na miwani mikubwa ya kioo kimoja, yenye mpira wa kufunika pua, pamoja na mrija wa kupumulia. Alikuwa ameibadilisha na sahani mbili. Muuzaji alimwapia kwamba ni miwani ya kukatia vitunguu.

"Ngoie," akaniambia kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, ambamo kuja ni kuya na maji ni mayi, macho yanamng'aa ndani ya kioo, "mbele ya treni kuya, twende Nzilo. Nataka kuona chini ya ile mayi mara moya tu. Na we utapiga foto."

Nilikuwa na kamera ndogo ya plastiki niliyoachiwa na mjomba wangu alipokwenda kujaribu bahati Zambia. Ndani yake filamu ilibakiza picha chache, na madukani hapakuwa na nyingine. Kamera yenyewe ilikuwa inaogopa hata umande. Tungeipelekaje majini?

Tulijaribu kwanza mfuko wa nailoni, tukaufunga mdomo kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mimi, kwa haraka zangu, nilitaka kuitia kamera mara moja. Ntumba akanizuia mkono. Akatia ndani kipande cha mkate, tukauzamisha mfuko katika pipa la maji nyuma ya nyumba yao. Ulipotoka, mkate ulikuwa uji. Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Tuliula hivyo hivyo, maana siku zile mkate haukutupwa kwa kosa la kulowa, lakini kamera yangu ilikuwa kavu mezani.

Akili ni mali, na Ntumba alikuwa tajiri wa mali hiyo. Jioni ile alikuwa anaosha vyombo kwenye lile pipa. Akakandamiza gilasi tupu juu ya maji, akachungulia ndani yake, akapiga ukelele uliomtoa mama yake jikoni. Kupitia kitako cha gilasi, chini ya pipa palionekana wazi kabisa, kutu yote na kijiko tulichokipoteza.

"Kamera haina lazima ya kuingia mu mayi!" alisema. "Inaweza kuangalia tu mu dirisha!"

Basi tukatengeneza dirisha. Tulichukua beseni kuukuu la plastiki, tukalikata kitako na kuacha ukingo, tukalaza juu ya ukingo ule kipande cha kioo cha dirisha lililovunjika, tukakibandika pande zote kwa mastiki, ule udongo laini wa mafundi vioo. Lilipokauka, tukalijaribu tena pipani, safari hii na karatasi ndani. Karatasi ikatoka kavu. Tulicheza pale uani kama watu walioolewa.

Baba yake, Tata Mulumba, hakutaka twende peke yetu. Alikuwa karani wa kampuni miaka yake yote, na ingawa ofisi ilikuwa imefungwa, kila asubuhi bado alivaa koti na tai. Alisema mtu akiacha kuvaa tai kwa sababu ya shida, shida itamwomba na shati. Tukapanda wote lori la Tata Saidi, aliyekuwa akienda Nzilo kuchukua samaki. Tata Mulumba alikaa kwa heshima kubwa, na beseni letu magotini.

Njiani vijana walikuwa wameweka kizuizi. Mmoja akapanda ubavuni mwa lori, akatutazama. Nilihisi vidole vya Ntumba vinaingia ndani ya mkono wangu.

"Bale ni banani?" akauliza, akitaka kujua sisi ni watu gani.

Tata Saidi hakuzima hata injini. "Bale ni batu ya samaki yangu. Leo munataka samaki wakati narudia, ao hamutaki?"

Walitaka samaki. Tukapita. Tata Mulumba akaliangalia beseni, akasema kwa sauti ya ofisini kwamba, kwa kweli, sisi tulikuwa batu ya samaki. Tukacheka mpaka machozi yakatutoka, na sijui hata leo yalikuwa machozi ya namna gani.

Ziwa lilikuwa limetulia. Tulikwenda mbali na ukuta wa bwawa, kwenye ghuba ndogo yenye mchanga na mawe, ambapo maji hayavuti mtu. Niliingia mpaka kiunoni, nikalikandamiza beseni kidogo juu ya maji, nikajifunika kitenge kichwani ili jua lising'ae juu ya kioo, nikachungulia.

Ee, mwanangu! Nilikuwa nimeogelea mahali pale tangu utotoni bila kupajua. Mawe yalikuwa na manyoya ya kijani. Mistari ya mwanga ilitembea juu ya mchanga kama mtu anayefuma mkeka. Na hapo akapita samaki mdogo mwenye mistari, akasimama, akanitazama. Nikabana kamera juu ya kioo, nikapiga. Akageuka, nikapiga tena. Akaingia nyuma ya jiwe, nikamfuata. Ntumba alikuwa karibu yangu na miwani yake, anapuliza mrija kama baragumu, ananionyesha hiki na kile, na kila alipopiga miguu, mchanga ulitibuka.

"Ondoka pale!" nikamkemea. "Unaniharibia mayi!"

Akaondoka. Akaenda kukaa kwenye mawe, miwani juu ya paji la uso.

Tata Mulumba alikuwa amekaa ukingoni, mikono juu ya magoti. Hakupaza sauti. "Ngoie, mwana wangu, kuya hapa kwanza."

Nikamwendea, nimekumbatia beseni.

"Ile samaki iko na tikiti ya treni?"

Nikacheka. "Hapana, tata."

"Haina?"

"Haina, tata."

"Basi kesho itakuwa tu hapa. Na kesho kutwa. Sasa juu ya nini ule mwenye anaenda, njo unamufukuza?"

Kufukuza, wakati ule, halikuwa neno la kuchezea. Kicheko kilinikauka: nilikuwa nimemfukuza anayeondoka kwa ajili ya samaki anayebaki. Nilitazama kidirisha cha kamera: zilibaki picha mbili. Nikageuka, nikamwita Ntumba kwa jina lake la nyumbani, na yeye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa, akaja mbio akirusha maji.

Safari hii tulifanya polepole. Tulisubiri mchanga ukae. Ntumba akasimama mgongo kwa jua, akaniambia niinamishe kioo kisishike kivuli changu. Kisha akajaza pumzi, akazama, akalala chali chini ya beseni, umbali wa kama mkono na nusu. Alikuwa amevua miwani, maana alisema hataki nikumbuke miwani ya vitunguu, nikumbuke uso. Akafungua macho ndani ya maji. Nikapiga.

Alipoibuka, tulimwona Tata Mulumba anavua viatu. Alitia soksi ndani yake vizuri, akaviweka sambamba juu ya jiwe, akaingia ziwani.

"Tata, koti!" Ntumba akapiga kelele.

"Litakauka. Ofisi yenye nilikuwa naivalia ilishafungwa," akajibu. "Miaka yote taa ya nyumba yangu inatoka mu hii mayi, na mi sijatia kichwa hata siku moya. Nipige na mi."

Wahenga husema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Tata Mulumba hakuvua hata tai. Walishikana mikono, yeye na binti yake, wakahesabu, wakazama. Nilipochungulia, niliwaona wote wawili mashavu yamevimba, na tai inapanda kati yao taratibu kama kitu chenye uhai. Ntumba aliiona. Akaanza kucheka kule kule chini, na baba yake alipomwona anacheka akacheka naye, mapovu yakawatoka. Nikapiga hapo. Filamu ikaishia hapo.

Treni ilikuja kabla filamu haijasafishwa. Stesheni siwezi kukueleza yote, watu walivyokuwa wengi na mabehewa yalivyokuwa machache. Nakumbuka Ntumba dirishani amevaa miwani yake kichwani, mama yake anamwambia avue, watu wanatazama, na yeye anakataa. Alifanya hivyo ili nicheke. Nikacheka, nikaenda kulia nyumbani.

Picha zilipotoka, za samaki zote zilikuwa ukungu. Ya Ntumba ilikuwa nzuri. Ya wawili ilikuwa nzuri kupita zote. Hiyo nilimpa fundi mmoja wa reli aliyekuwa akipita Tenke na Lubudi kwenda Kasai, ikabadilisha mikono mingi, ikafika Mwene-Ditu, mji wa Kasai walikohamia, baada ya sisi kukata tamaa. Tata Mulumba aliitundika sebuleni. Wageni waliuliza kwa nini bwana yule mwenye tai anazama huku anacheka, naye aliwapa kiti kwanza, kwa sababu jibu lilikuwa refu. Alipofariki, mzee wa mvi, waliiweka juu ya jeneza lake. Ntumba aliniambia kwa simu kwamba katika picha zote za baba yake, za kazi na za harusi, ni hiyo peke yake ambayo alicheka.

Sasa nasaha zangu, mwanangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Iache kamera ya dukani ikae dukani. Simu unayo mkononi. Nunua ule mfuko wa plastiki wa kuzuia maji unaovaliwa shingoni, wanauuza hata wachuuzi, na usiuamini kwa maneno ya muuzaji. Utie karatasi kavu, uzamishe ndani ya ndoo, ungoje, utazame. Karatasi ikiwa na unyevu hata kidogo, rudisha. Na kama mfuko hukupata, beseni na kioo havijapotea duniani; funga tu kingo za kioo zisikukate. Piga jua likiwa juu, katika maji ya kina kifupi. Sogea karibu, maana maji hula rangi ya kilicho mbali. Tuliza miguu, ungoje mchanga ushuke. Usiende peke yako, wala usifuate picha mahali ambapo pumzi yako haitoshi kukurudisha.

Na kabla ya kubonyeza, inua kichwa utazame mlio nao. Samaki wa Kalemie watakuwepo mwaka ujao. Mwenzako mmoja ataolewa mbali, mwingine atapata kazi ng'ambo, na yupo ambaye hata yeye mwenyewe hajui kwamba anaondoka. Anza na huyo. Akikutibulia maji, mwache ayatibue.

Nenda basi, mwanangu. Mungu wa maji ya Lualaba na ya Tanganyika akufungulie njia, akupe macho mazuri na pumzi ndefu, na wote mtakaoingia majini pamoja mtoke pamoja, mkicheka.