Kiu ya Jailos

Baba mkwe wangu, mzee Saulo, hawezi kuona mtu anatoka nyumbani bila maji. Hapa Kihesa majirani walishamzoea. Hata nikienda gengeni tu na Blessing mgongoni, atanifuata mlangoni na chupa. "Mama Blessing, mtoto atakunywa nini huko?" Genge lenyewe ni hapo tu.

Alizaliwa Rujewa, kwenye mpunga, akakua na Jailos, mtoto wa mama yake mdogo. Walijua kusukuma mtumbwi kwenye maji ya Usangu, basi wakajiona mabaharia. Waliposikia mchele una bei kisiwani Mafia, wakashuka mpaka Rufiji, wakanunua mashua kuukuu. Tanga la mashua walilishona kwa turubai la kuanikia mpunga. Dira hawakuwa nayo, wala mtu wa kuwaongoza.

Kosa lao nalielewa. Kwao chombo hakipakiwi maji, ukisikia kiu unainama unachota. Pale mto unapoingia baharini Jailos alichota, akaonja, akacheka.

"Saulo, haya si ya kwetu haya? Ruaha yetu inakuja kumwagika huku huku."

Mvua zilikuwa nyingi, mto umefurika, na maji kweli hayakuwa na chumvi. Wakajaza mchele, wakabeba kidumu kimoja cha maji ya kupikia.

Upepo uliwapitisha kisiwa, turubai likachanika. Kidumu kilipokauka, Jailos akaanza kunywa bahari. Wavuvi walimkuta Saulo peke yake. Jailos alikuwa amekufa, na Saulo alishamshusha majini kwa mikono yake mwenyewe.

Mama mzazi wa Jailos, bibi Tumpe, alikataa msiba. "Sijaona mwili, nitalia nini?" Kila baada ya mavuno baba mkwe alikwenda Rujewa kumwomba aweke matanga, Jailos aliliwe kama watu wengine. Kila mara alikataliwa, akirudi anakaa uani hata chakula hagusi.

Mwaka huu tuliitwa sisi. Bibi alikuwa hainuki tena. Baba alipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Saulo, kuna neno sijawahi kukuuliza. Mwanangu alikufa na kiu?"

Ningekuwa mimi, ningedanganya. Nilikuwa namhamishia Blessing ziwa la pili, baba akajibu.

"Ndiyo, mama. Aliniomba maji, sikuwa nayo."

Ndipo bibi akalia. Alilia kwa Kinyakyusa chao, akimwita mwanawe kama mtoto aliyechelewa kurudi kuchunga. Wanawake wa jirani wakaingia wamejifunga vitenge viunoni, hawakuuliza nani kafa. Moto ukawashwa uani. Baba alikaa na wanaume, machozi yanamtoka na wala hayafuti. Nikasema moyoni, leo amepata alichokuwa anakitafuta.

Siku ya kuondoa matanga, ndugu walikaa foleni kunyolewa nywele, alama ya mfiwa. Zamu ya baba ilipofika akavua kofia, akakaa kwenye kigoda. Alinanuswe, dada yake Jailos, akatoka ndani akainama sikioni kwake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Kaka, mama anasema wewe usinyolewe."

"Kwa nini?"

"Anasema wewe ulishamlilia miaka yote hii, na kumzika ulimzika. Sisi ndiyo kwanza tunaanza. Anaomba utuachie kilio."

Baba aliitazama ile kofia mkononi. Akaivaa, akainuka, akampisha anayefuata.